Kiingilio Kimepanda, Raha Imeshuka? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bustani za Burudani

Mashabiki wa bustani za burudani wakikutana, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye pesa. Mmoja atasema bei imepaa kupita kiasi. Wa pili atasema bei si hoja, hoja ni kwamba vitu vimeharibika na havitengenezwi. Wa tatu atawaambia wote wawili kwamba wanayapamba ya utotoni. Nimeshiriki mabishano haya kwa miaka mingi na maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja na kuyajibu kama ninavyoyaona.

Ni kweli bei zimepanda, au ni mfumuko wa bei tu?

Zimepanda kweli, tena kuuzidi mfumuko wa bei. Ila hesabu hii hukosewa sana, hata na watu wanaojua mambo.

Wengi hupenda kutaja kwamba Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, Julai 1955, kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 1, na kwamba Walt Disney World ya Florida ilipofunguliwa Oktoba 1971 kilikuwa dola 3.50. Ni kweli. Lakini pesa hiyo ilikuvusha getini tu. Ukitaka kupanda mchezo, ulinunua kijitabu cha kuponi zenye herufi. Mchezo mdogo wa watoto ulikula kuponi ya A, na michezo mikubwa, baada ya kuponi ya E kuanzishwa mwaka 1959, ilikula E. Kuilinganisha dola 1 ile na tiketi ya leo inayokupa michezo yote ni kulinganisha kikombe kitupu na kikombe kilichojaa chai.

Ulinganisho wa haki unaanzia mwaka 1982, vijitabu vilipoondolewa na tiketi moja ikawa ya kila kitu. Mwaka huo Disneyland ilimtoza mtu mzima dola 12. Ukiipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani unapata kama dola 40 za siku hizi. Sasa tazama: Oktoba 2024, tiketi ya siku moja ya bustani hiyohiyo, kwa siku zinazojaa watu zaidi, ilivuka dola 200 kwa mara ya kwanza na kufika 206. Siku za bei ya chini kabisa zilibaki dola 104. Maana yake hata ukichagua siku mbovu kuliko zote, bado unalipa zaidi ya mara mbili ya alicholipa mtu wa 1982.

Anayesema "kila kitu kimepanda" hajapiga hesabu.

Kwa hiyo tatizo ni kiingilio?

Kwangu mimi, kiingilio si tatizo kubwa. Tiketi ya bei kubwa ninaweza kuijadili, ninaweza kuiwekea akiba, ninaweza kuamua sitaki. Kinachonikera ni vitu vilivyokuwa ndani ya bei hiyo kutolewa kimoja kimoja, kisha kuuzwa pembeni, huku bei yenyewe ikiendelea kupanda.

Chukua FastPass. Disney iliianzisha mwaka 1999. Ulikuwa unaingiza tiketi yako kwenye mashine iliyo mlangoni mwa mchezo, inakupa karatasi yenye saa ya kurudi, unakwenda kufanya mengine. Haikuwa na malipo ya ziada. Baba aliyebana pesa mwaka mzima na tajiri aliyefika na msafara wake walipata karatasi ileile. Janga la korona lilipofunga bustani Machi 2020, FastPass iliondoka na haikurudi. Oktoba 2021 nafasi yake ilichukuliwa na Genie+, iliyofanya karibu kazi ileile kupitia simu, kwa dola 15 kwa kila mtu kwa siku kule Florida, na kuanzia Desemba mwaka huo dola 20 California. Hizo zilikuwa bei za kuanzia.

Florida kulikuwa pia na basi la bure la Magical Express, lililowachukua wageni wa hoteli za Disney kutoka uwanja wa ndege wa Orlando tangu 2005. Lilikoma Januari 2022. Bangili za kuingilia, ambazo wageni wa hoteli walikuwa wakipewa, zikawa za kununua. Maegesho ya usiku kwenye hoteli hizo yalianza kutozwa mwaka 2018. Kila kimoja, ukikitazama peke yake, ni kidogo. Familia ya watu watano ikivijumlisha inakuta imelipia siku nyingine nzima bila kuipata hiyo siku.

Kwa nini foleni ya kawaida imekuwa ndefu tangu pasi za haraka zianze kuuzwa?

Hili linastahili maelezo ya kutosha, maana watu hudhani ni wingi wa wageni tu.

Kila mchezo una viti vyake kwa saa, na viti hivyo haviongezeki kwa sababu mtu amelipa. Tuseme mchezo unabeba watu 1,000 kwa saa. Ukiwa na foleni moja na kuna watu 250 mbele yako, utasubiri robo saa. Sasa weka foleni mbili, ya kawaida na ya haraka, zikutane karibu na mlango. Pale zinapokutana anasimama mfanyakazi, na kazi yake ni kuamua nani apite. Akiambiwa katika kila viti vinne vitatu viende foleni ya haraka, foleni ya kawaida imebakiwa na viti 250 kwa saa. Watu walewale 250 mbele yako sasa ni saa nzima. Mchezo haujabadilika, mashine haijabadilika, ni mgawo uliobadilika.

Nilisimama mahali hapo siku moja, nikiwa nimebakiza kama hatua kumi kufika, na mfanyakazi kijana alikuwa ameuinua mkono kutuzuia. Upande wa pili walipita. Wakapita tena. Nilihesabu 40 kabla mkono haujashuka, kisha tukaachiwa sita, kisha mkono ukainuka tena. Mbele yangu alikuwa mtoto wa miaka mitano au sita, amechoka, ameegemea mguu wa mama yake. Akauliza, "Mama, mbona wale hawasimami?" Mama akamwambia wamelipia. Mtoto akafikiri, akasema, "Na sisi tumelipia." Mama hakuwa na la kumjibu. Kijana wa mlangoni alisikia, akageuza uso. Naye si yeye aliyeupanga mgawo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kilichoharibika ni nini, ninamsimulia hicho kisa kabla ya kumtajia bei yoyote.

Lakini mtu akitaka kulipia muda wake, si haki yake?

Ni haki yake, na simlaumu. Mwenye siku moja tu, aliyesafiri mbali na wazazi wazee, akinunua pasi ya haraka amefanya la maana. Wala jambo hili si la Disney peke yake: Universal ina Express, Alton Towers ya Uingereza ina Fastrack, Six Flags, kampuni yenye bustani nyingi Marekani, nao wana yao, na baadhi ya hizi zilikuwa zikiuzwa kwa miaka mingi kabla ya 2021.

Hoja yangu ni nyingine. Bustani ikishaanza kuuza kutosubiri, foleni inageuka kuwa bidhaa. Foleni fupi haiuzi pasi. Sisemi kwamba kuna mtu ofisini anayerefusha foleni makusudi. Ninasema kwamba ile sababu iliyomfanya meneja akimbilie kuongeza treni la pili saa nne asubuhi imepungua nguvu. Zamani foleni ndefu ilikuwa hasara tupu kwake, maana mtu aliyesimama hanunui chochote. Leo foleni hiyohiyo inamletea wanunuzi.

Na bei za kutosubiri hazina dari. Mwishoni mwa 2024 Disney ilianzisha kule Florida pasi ya juu kabisa, Lightning Lane Premier Pass, kwa dola 129 hadi 449 kwa mtu mmoja kwa siku, juu ya tiketi ya kuingilia.

Ubora umeshuka kweli, au ni kumbukumbu zinatudanganya?

Yote mawili yapo. Siku ya kwanza ya Disneyland, 17 Julai 1955, ilikuwa vurugu: lami ilikuwa haijakauka na viatu vya wanawake vya visigino virefu vilizama ndani yake, mabomba ya maji ya kunywa yalikuwa machache kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba, na watu walijaa kupita kiasi kwa tiketi za kughushi. Universal Studios Florida ilipofunguliwa Juni 1990, michezo yake mikubwa iliharibika siku ileile, na ule wa papa ulibidi ujengwe upya, ukarudi 1993. Anayesema enzi zile mambo yalikwenda sawa hakuwapo, au alikuwapo akiwa na miaka saba.

Na teknolojia ya leo inashinda ya jana kwa mbali. Eneo jipya la Fantasy Springs kule Tokyo DisneySea, lililofunguliwa Juni 2024, au bustani nzima ya Epic Universe iliyofunguliwa Orlando Mei 2025, zimejengwa kwa ufundi ambao haukuwapo mwaka 1982.

Kilichoshuka, kwa maoni yangu, ni utunzaji wa kila siku. Ujenzi hauna shida; pesa ya kujenga kipya inapatikana, kwa kuwa kipya kina tangazo. Pesa ya kubadilisha taa iliyoungua ndani ya mchezo wa miaka thelathini haina tangazo, na ndiyo inayokatwa kwanza.

Kisa cha Yeti ni kipi? Kila mtu anakitaja.

Kinatajwa kwa sababu kinaonekana kwa macho. Aprili 2006, Disney's Animal Kingdom, moja ya bustani za Walt Disney World, ilifungua rola kosta, yaani treni la mchezo la kupanda na kushuka kwa kasi, iitwayo Expedition Everest. Unapanda mlima, unakuta reli imeng'olewa mbele, treni linarudi nyuma gizani, na mwisho kabisa unapita chini ya Yeti, dubwana kubwa mno linaloendeshwa kwa mashine, likikurushia mkono kana kwamba litakunyakua. Waliopanda miezi ya kwanza wanasema mwili mzima ulisogea kwa kasi ya kutisha.

Halikudumu. Muda si mrefu baada ya kufunguliwa, dubwana lilisimamishwa, na badala yake likamulikwa kwa taa za kumweka-mweka ili jicho lidhani linasogea. Mashabiki wakalibatiza jina la Yeti wa disko. Likabaki hivyo zaidi ya miaka kumi na tano. Joe Rohde, msanifu aliyeongoza kazi hiyo, aliahidi mbele ya mashabiki kwamba lingetengenezwa siku moja. Amestaafu mwanzoni mwa 2021 likiwa bado limeganda.

Kuna watoto waliozaliwa, wakakua, wakafikia kimo cha kuruhusiwa kupanda, wakafikia umri wa kuendesha gari, na hawajamwona akisogea hata mara moja. Katika muda huo tiketi ilipanda karibu kila mwaka. Sihitaji mfano mwingine.

Nikiwa ndani ya bustani, nitajuaje kama wanabana matumizi?

Acha kutazama rangi za kuta kwanza, ingawa nazo zinasema. Tazama treni. Rola kosta kubwa hujengwa ili iweze kuendeshwa na treni mbili au tatu kwa pamoja: moja linapakia, jingine liko njiani. Hesabu kwa saa yako. Treni la viti 28 likiondoka kila dakika moja, mchezo unabeba watu 1,680 kwa saa. Likiondoka kila dakika tatu, kwa kuwa liko treni moja tu relini na wapakiaji ni wawili badala ya wanne, unabeba 560. Foleni uliyoiona ya dakika 30 imekuwa ya saa moja na nusu, na kwenye ubao hawataandika sababu.

Wakati mwingine kuna sababu halali. Treni huvuliwa na kukaguliwa, na siku za watu wachache hakuna haja ya yote matatu. Lakini ukikuta treni moja Jumamosi ya likizo, huku jingine limeegeshwa bandani unaliona, hapo mshahara wa wapakiaji wawili umeokolewa kwa saa za wageni elfu kadhaa.

Vingine vya kutazama: saa za kufunga zimesogezwa mapema? Kibanda cha pili cha chakula kimefungwa wakati cha kwanza kina foleni? Wanamuziki waliokuwa wakipita barabarani wako wapi? Viti vya kukaa kivulini vimepungua? Vyoo vya saa kumi jioni vikoje? Vyoo havidanganyi. Bustani inayosafisha vyoo vyake jioni kama asubuhi ina mtu anayejali.

Kubana matumizi kunaweza kuhatarisha maisha?

Hapa niseme kwa uangalifu. Ajali mbaya katika bustani kubwa ni chache, na rangi iliyobanduka haina maana kwamba breki ni mbovu. Mashabiki wanaopiga kelele za hatari kila wanapoona taa imeungua wanaiharibu hoja yenyewe.

Lakini yametokea. Septemba 2003, treni la Big Thunder Mountain Railroad la Disneyland liliacha njia, kijana wa miaka 22 akafa na wengine wakajeruhiwa. Wachunguzi wa jimbo la California walikuta chanzo ni matengenezo yasiyofanywa ipasavyo. Juni 2015, katika rola kosta ya The Smiler ya Alton Towers, treni lililojaa watu liligonga treni tupu lililokuwa limesimama relini. Wanawake wawili walipoteza mguu kila mmoja. Mwaka uliofuata kampuni ya Merlin, inayoiendesha Alton Towers, ilitozwa faini ya pauni milioni 5. Mafundi walifanya makosa siku ile, lakini lawama ilikwenda kwa mwajiri, kwa kuwa hakuwa amewawekea utaratibu salama wa kufuata.

Somo la wahandisi kutoka visa hivi ni lilelile ambalo mashabiki hulisema kwa lugha ya kawaida: fundi anahitaji muda, maelekezo na ruhusa ya kusema "bado" bila kuogopa foleni.

Kwa nini wasipunguze bei? Si watapata watu wengi zaidi?

Kwa sababu wao tayari wana watu wengi, na bei wameifanya lango la kupunguzia msongamano. Tangu 2016 Disney ilianza kutoza tofauti kwa siku zenye watu wengi na wachache, na bustani nyingi zimefuata. Kuna mantiki ndani yake: mtu mwenye nafasi akihamia Jumanne ya Februari, Jumamosi inapumua.

Kuna pia jambo la ndani ya kampuni. Mapato ya televisheni za malipo yamekuwa yakishuka kwa miaka, na katika Disney sehemu ya bustani na meli za starehe ndiyo imekuwa ikibeba zaidi ya nusu ya faida ya uendeshaji. Kitengo kinachobebeshwa kampuni nzima hakina nafasi ya kupumzisha bei.

Ila bei ina ukuta wake, na Six Flags waliugonga. Mwaka 2022 uongozi mpya uliamua kupunguza ofa, kupandisha bei na kutafuta wageni wachache wanaotumia pesa zaidi. Wageni walishuka kutoka milioni 27.7 mwaka 2021 hadi milioni 20.5. Kila mgeni alitumia zaidi, kweli, lakini jumla ya mapato ilishuka. Wale vijana wa pasi za bei nafuu waliokuwa wakionekana kama kero ndio waliokuwa wakiijaza bustani. Julai 2024 kampuni iliungana na Cedar Fair, kampuni nyingine ya bustani za Marekani, na Novemba 2025 bustani yao ya Maryland, Six Flags America, ilifungwa moja kwa moja.

Je, kufunga michezo ya zamani ni kushuka kwa ubora?

Si lazima. Bustani isiyobadilika inakuwa makumbusho. Lakini swali la kuuliza si "mchezo mpya ni mzuri?" bali "uliofungwa ulikuwa unafanya kazi gani?"

Julai 2025 Magic Kingdom, bustani ya kwanza ya Walt Disney World, ilifunga mto wake mkubwa, Rivers of America, pamoja na meli yake na kisiwa cha Tom Sawyer, ili kupisha eneo la magari ya katuni. Wengi walisema nani aliyekuwa akipanda meli ile, ilikuwa inakwenda polepole mno. Sikubaliani nao. Meli ile ilikuwa inabeba mamia kwa mara moja bila foleni ya maana. Kisiwani watoto walikimbia, wakaingia mapangoni, wakapiga kelele bila kuambiwa wasimame kwenye mstari. Wazee walikaa kivulini wakitazama maji. Watu wote hao sasa wanapaswa kuwa mahali pengine, na mahali pengine ni foleni. Mchezo wa kasi huongeza sifa ya bustani, lakini vitu vya polepole ndivyo vinavyoipa pumzi.

Na pasi za mwaka, bado zina faida?

Kwa anayeishi karibu, mara nyingi ndiyo. Soma masharti ya siku zilizozuiwa na za kuweka nafasi kabla ya kulipa. Disneyland iliuza mwaka 2021 pasi iitwayo Dream Key ikisema haina siku zilizozuiwa, kisha wenye pasi wakakosa nafasi siku ambazo tiketi za kawaida zilikuwa bado zikiuzwa. Ilikwenda mahakamani na ikaishia kwa suluhu ya dola milioni 9.5.

Zipo bustani zinazofanya vizuri?

Zipo, na ninazitaja kwa makusudi kwa sababu zinavunja hoja kwamba "biashara hii haiwezi kuendeshwa vingine."

Knoebels, Pennsylvania, ni ya familia. Kuingia ni bure, kuegesha ni bure, unalipia mchezo unaoupanda. Bibi anayekuja kutazama wajukuu halipi senti. Europa-Park ya Rust, Ujerumani, ilifunguliwa 1975 na familia ya Mack, ambayo pia inatengeneza rola kosta. Bustani ni dirisha lao la duka, kwa hiyo mashine zake hutunzwa kama bidhaa ya maonyesho. Efteling ya Uholanzi, iliyofunguliwa 1952, inamilikiwa na wakfu, haina wanahisa wa kugawiwa faida.

Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa 1983, inamilikiwa na kampuni ya Oriental Land, na Disney wanalipwa haki za majina na usanifu. Tangu Oktoba 2023 tiketi ya mtu mzima ya siku moja ilikuwa yen 7,900 hadi 10,900, chini sana kuliko Marekani, na usafi na utunzaji wake mashabiki wengi huuweka juu ya bustani zote za jina hilo. Hata wao, tangu 2022, wanauza pasi ya haraka. Siwezi kuficha hilo.

Ukizitazama hizi nne, karibu kila moja mwenye mali yuko karibu na mali yake, au hakuna anayesubiri gawio kila robo mwaka. Kwangu huo ndio uzi unaoziunganisha.

Malalamiko ya mashabiki yamewahi kubadilisha chochote?

Yamebadilisha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashabiki wa Disneyland walipiga picha za rangi zilizobanduka na balbu zilizokufa kwa miaka, wakaonekana wasumbufu. Uongozi mpya ulipoingia kabla ya sherehe ya miaka 50 mwaka 2005, bustani ilipakwa rangi na kukarabatiwa kwa kiwango ambacho kilikuwa hakijaonekana muda mrefu. Januari 2023 maegesho ya usiku kwenye hoteli za Disney Florida yalirudi kuwa bure. Januari 2024, hukohuko Florida, sharti la kuweka nafasi mapema liliondolewa kwa tiketi zenye tarehe. Bob Iger mwenyewe, aliporudi kuongoza Disney baada ya Bob Chapek kuondolewa Novemba 2022, alikiri hadharani kwamba baadhi ya bei zilipandishwa kwa pupa.

Sauti kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kutokwenda. Galactic Starcruiser, hoteli ya Disney kule Florida yenye maigizo ya Star Wars, iliyofunguliwa Machi 2022, ilitoza karibu dola 4,800 kwa watu wawili kwa siku mbili za kulala. Wafanyakazi na waigizaji wake walisifiwa sana na waliofika. Ilifungwa Septemba 2023, mwaka mmoja na nusu tu baadaye.

Ninakwenda kwa mara ya kwanza. Nifanye nini nisitoke na uchungu?

Fika kabla geti halijafunguliwa. Saa mbili za kwanza zina thamani ya pasi nyingi. Panda michezo yenye viti vichache kwanza, ile ya vyombo vidogo vya watu wawili watatu, kwa sababu foleni yake haitapungua tena siku nzima. Mchana, foleni zikifura, nenda maonyesho ya ndani. Saa ya mwisho kabla ya kufunga, rudi kwenye mikubwa. Bustani nyingi hukuruhusu kuingia kwenye foleni dakika ya mwisho, na utapanda hata kama geti limefungwa. Kama mko tayari kutengana, ulizeni foleni ya wapandaji wa peke yao, inayojaza viti vinavyobaki.

Bajeti ya pasi ya haraka iamue nyumbani, siyo pale mbele ya foleni ukiwa umechoka na mtoto analia. Hapo mtu hulipa chochote.

Kwa manung'uniko yote haya, kwa nini bado unakwenda?

Efteling kuna mapipa ya taka yenye sura ya mtu mnene mlafi, mdomo wazi, yanaitwa Holle Bolle Gijs. La kwanza liliwekwa mwaka 1959. Linaita kwa sauti, "Papier hier," yaani karatasi hapa. Ukiweka karatasi mdomoni linaivuta ndani kwa upepo na kukushukuru. Hakuna foleni ya haraka, hakuna programu ya simu, hakuna malipo.

Nilikaa kwenye kiti karibu na mojawapo alasiri moja. Mvulana mdogo alilisha karatasi aliyopewa na baba yake, akaruka nyuma aliposhukuriwa, kisha akageuka kutafuta nyingine. Ardhi ilikuwa safi. Watoto waliomtangulia walikuwa wameshaokota kila kitu. Akazunguka chini ya viti, akarudi kwangu, akanyoosha kidole kwenye leso ya karatasi niliyokuwa nimeishika, na nikampa.